MOTOKAA KUUKUU NA SPEA ZAKE

Ndugu msomaji, katika vijiji vingi vya Tanzania, Kenya na Uganda iko motokaa moja ambayo watoto huijua kwa sauti kabla haijatokeza. Haina uzuri. Rangi imebanduka, na mlango mmoja hufungwa kwa kamba. Lakini wakati wa masika, njia inapokuwa tope tupu, ndiyo hiyo inayompeleka mama mwenye uchungu hospitali. Ndiyo inayoteremsha magunia ya kahawa na mahindi mpaka barabara kuu. Ndiyo inayopandisha mabati ya shule na saruji ya zahanati. Mara nyingi motokaa hiyo ni Land Rover ya zamani.

Siku moja inasimama. Haikusimama kwa sababu imekwisha. Imesimama kwa sababu ya kitu kidogo, pengine mpira wa breki usiozidi kifuniko cha chupa kwa ukubwa, na kitu hicho hakimo katika duka lolote la mji ulio jirani. Basi inasukumwa chini ya mwembe. Inakaa wiki, inakaa mwezi, inakaa mwaka. Kuku wanaingia kutaga. Mwisho anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, na mali iliyonunuliwa kwa jasho la ukoo mzima inauzwa kwa kilo.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Mara nyingi sivyo. Spea ya motokaa kuukuu ni ngumu kupatikana, lakini ugumu huo una njia yake. Asiyeijua njia hupoteza fedha mara mbili: kwanza kwa spea isiyofaa, tena kwa motokaa iliyolala. Na lipo jambo kubwa kuliko fedha. Mwenye haraka hufunga chochote kilichopatikana, hata katika breki na usukani, kisha huwapakia watu kumi na wawili na kushuka nao mlimani.

Leo basi tutazame jambo hili pole pole. Tutaifanya Land Rover kuwa mfano wetu, lakini mwenye Peugeot, Bedford au Toyota ya zamani naye atapata lake. Na wewe mama, usiupite ukurasa huu ukidhani ni maneno ya wanaume. Fedha ya spea hutoka katika kisanduku kile kile cha karo na chumvi, nawe ndiwe unayepanda motokaa hiyo na mtoto mgongoni.

JUA KWANZA MOTOKAA YAKO NI IPI

Watu husema, "Nina Land Rover," wakadhani wamesema yote. Muuza spea akisikia neno hilo tu, bado hajaambiwa kitu.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Iliundwa na kampuni ya Rover katika kiwanda cha Solihull, Uingereza. Vita Kuu ilikuwa imekwisha karibuni na chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu. Hiyo ni sababu moja ya kuziona zikiishi miaka mingi, maana bodi hiyo hailiwi na kutu kama bati la kawaida.

Tangu hapo zilifuata aina mbalimbali. Series II ilianza mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971, nayo ikaendelea mpaka 1985. Mwaka 1983 ilitokea One Ten, na mwaka 1990 aina hiyo ikapewa jina la Defender. Ya mwisho ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016. Kwa miaka hiyo yote ziliundwa zaidi ya 2,000,000. Iko Defender mpya iliyoonyeshwa mwaka 2019, lakini hiyo ni motokaa nyingine kabisa iliyorithi jina. Basi usiende dukani ukasema "Defender" tu.

Kwa macho zile za zamani hufanana kama ndugu. Ndani hazifanani. Chukua injini ya petroli ya lita 2.25. Ilianza kutumika mwaka 1958, lakini mwaka 1980 ikabadilishwa: krenkishafti ya kwanza hushikwa na beringi kuu tatu, ile ya pili hushikwa na beringi kuu tano. Mtu aliyeagiza krenkishafti ya beringi tano kwa injini ya beringi tatu amenunua chuma cha kuegeshea mlango.

Hata breki ni vivyo hivyo. Ziko Land Rover fupi, ambazo toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 88, na ziko ndefu za inchi 109. Zile fupi kwa kawaida zina ngoma za breki za inchi 10, na zile ndefu inchi 11. Viatu vya breki vya moja havikai katika nyingine. Katika umeme nako kuna tofauti. Zile za zamani sana zilitumia dainamo, na ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi ilikuwa ya chanya. Baadaye jambo hilo likageuzwa, ikawa ncha ya hasi. Anayefunga alteneta bila kutazama jambo hili aweza kuiunguza siku ile ile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fedha. Chukua daftari, uende kwenye motokaa na kitambaa na brashi ya waya. Andika namba ya chesi. Huwa katika kibao kidogo cha chuma karibu na dereva, na mara nyingi imegongwa pia juu ya chesi yenyewe upande wa mbele. Andika namba ya injini. Andika mwaka wake, urefu wake, na kama ni ya petroli au ya dizeli. Usiiamini kadi peke yake. Motokaa nyingi za umri huo zimekwisha badilishwa injini au giaboksi mara moja au mbili, na pengine mwenye kuzibadilisha alikwisha fariki. Soma namba iliyo juu ya chuma.

NAMBA NDIYO JINA LA SPEA

Mjini kila spea ina majina matano. Fundi wa Dodoma huiita hivi, wa Mombasa huiita vile, na mwenye duka ana jina lake. Lakini kiwandani kila spea ina namba moja, na namba hizo zimepangwa katika kitabu pamoja na picha. Mwenye namba ameshika nusu ya safari mkononi. Aweza kuuliza Arusha, Nairobi au Uingereza, na wote wakamwelewa bila mkalimani.

Wengi hawana kitabu hicho. Si neno. Muulize fundi mzee, uliza katika karakana ya misheni au ya halmashauri ambayo ilipata kuwa na motokaa za aina hiyo. Siku hizi vitabu hivyo hupatikana hata kwa simu, na kijana wa sekondari aweza kukusomea. Jihadhari na jambo moja: kiwanda hubadilisha namba mara kwa mara, spea ikabaki ile ile. Ukiambiwa namba yako haipo tena, usirudi nyumbani. Uliza, "Namba iliyoishika nafasi yake ni ipi?"

Ukikosa namba, peleka spea yenyewe. Kama mji ni mbali, ioshe, iweke juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula ya mtoto wa shule, kisha upige picha kwa simu. Piga upande wa juu, upande wa chini na ubavuni. Picha isiyo na rula haimwambii mwenye duka ukubwa wa kitu.

KIWANDA CHA MOTOKAA HAKIUNDI KILA KITU

Hapa pana siri ambayo ingewaokoa watu wengi. Kiwanda cha motokaa hakitengenezi vitu vyote vilivyomo. Katika Land Rover za zamani, vitu vya umeme vingi vilitoka kwa Lucas, breki kwa Girling, na beringi za magurudumu kwa Timken. Waundaji hao waliuza vitu vile vile kwa motokaa nyingine, malori na matrekta. Basi kitu kinachokosekana katika duka la Land Rover pengine kimelala katika duka la matrekta mtaa wa pili, nacho ni rahisi zaidi.

Beringi ni mfano bora. Beringi za gololi zina namba ambazo dunia nzima huzifuata, nazo zimechorwa ubavuni mwake. Beringi yenye namba 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40, na unene milimita 12. Ikiwa imeundwa Japani, Ujerumani au India, vipimo ni hivyo hivyo. 6204 ina tundu la milimita 20, 6205 la milimita 25. Kuanzia 04 chukua tarakimu mbili za mwisho, uzidishe kwa 5, nawe umepata tundu lake kwa milimita. Herufi zinazofuata nazo zina maana: ZZ ni beringi iliyofunikwa kwa bati pande zote mbili, 2RS ni iliyofunikwa kwa mpira. Beringi ya pampu ya maji ya shamba na ya alteneta yaweza kuwa moja.

Oili sili nazo hununuliwa kwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, na unene. Feni belti hununuliwa kwa upana na urefu. Lakini kumbuka kwamba Land Rover za zamani zilipimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Sili ya milimita inayokaribia tu kipimo hicho itavuja.

Kosa hilo la inchi na milimita huonekana sana katika bolti. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Bolti ya milimita 8 huonekana sawa nayo kabisa, tena huingia mizunguko miwili mitatu. Kisha hugoma, maana meno yao hayalingani. Fundi mwenye nguvu hulazimisha, na meno ya chuma cha ndani huliwa yote. Hata spana ni hivyo: kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 hukizunguka mpaka kikawa mviringo. Kama fundi wako hana spana za inchi, mwambie aazime kwanza.

Na kabla ya kuagiza pistoni au beringi za krenkishafti, pima. Injini iliyokwisha kerezwa haichukui tena pistoni ya kawaida. Hutaka iliyozidishwa, nayo huandikwa 20 au 40 juu yake, maana yake sehemu 20 au 40 katika 1,000 za inchi. Ukiagiza bila kupima, umecheza bahati nasibu.

MPYA, KUUKUU, NA BANDIA

Dukani utakuta spea za namna nne. Ya kwanza ni ile ya kiwanda chenyewe. Ya pili imeundwa na yule aliyekiuzia kiwanda, ila imo katika boksi lake mwenyewe. Hiyo ni nzuri sawa na ya kwanza. Ya tatu imeigwa na kiwanda kingine kwa jina lake mwenyewe bila kuficha. Nyingine za namna hii ni nzuri, nyingine hafifu. Ya nne ni ya bandia: imewekwa katika boksi la jina kubwa ili mnunuzi adanganyike.

Utaijuaje ya bandia? Soma maandishi ya boksi kwa utulivu, maana mara nyingi herufi zimekosewa au rangi imefifia. Tafuta jina na namba juu ya chuma chenyewe. Ishike mkononi pamoja na ile kuukuu. Kama ni nyepesi mno, jiulize kwa nini. Tazama bei. Kitu ambacho maduka matano wameuza kwa bei moja, wa sita akikupa kwa robo yake, hakukupenda kuliko wale watano. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi.

Spea iliyokwisha tumika si mbaya daima. Mlango, kiti, kioo, kabureta, giaboksi, hata difu, vyaweza kutoka katika motokaa iliyokufa vikafanya kazi miaka mingi. Dai kuiona kabla ya kulipa, na dai karatasi yenye jina la muuzaji. Taa na vioo vya pembeni vinavyouzwa gizani bila karatasi, mara nyingi vilikuwa jana juu ya motokaa ya mtu. Kukinunua kitu ukijua kimeibwa ni kosa mbele ya sheria na mbele ya Mungu, tena ndiko kunakomlipa mwizi mshahara wake. Kesho atakuja kwako.

FUNDI WETU AWEZA NINI?

Msomaji, usiwadharau mafundi wa jua kali. Mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi, wa Katwe mjini Kampala, na wa Gerezani mjini Dar es Salaam hufanya kazi ambazo mafundi wa Ulaya walikwisha kuziacha. Huko India, njia ya mlimani toka Maneybhanjang mpaka Sandakphu, penye urefu wa zaidi ya mita 3,600, Land Rover za miaka ya 1950 zingali zikipakia watu. Mafundi wa huko huzitunza kwa ujuzi wao na kwa spea za motokaa za Kihindi. Wao wameweza, nasi twaweza.

Lakini fundi mwema ajua mpaka wake, na mwenye motokaa yampasa kuujua pia. Nitakupa kanuni moja nyepesi. Jiulize: kitu hiki kikivunjika njiani, kitaniacha au kitaniua?

Vitu vya kukuacha, fundi wetu aweza kuviunda. Gasketi nyingi hukatwa katika karatasi yake. Springi za majani hufuliwa na kupangwa upya. Bushi hukerezwa. Rejeta huzibuliwa na kuchomewa. Ekzozi huundwa kwa bomba. Mpira wa kukalia injini waweza kukatwa katika tairi kuukuu, ukatumika mpaka upatikane wa haki. Kikiharibika, utalala njiani, utaumwa na mbu, asubuhi utafika.

Vitu vya kukuua, usikubali viundwe vichochoroni. Navyo ni hivi: mipira na silinda za breki, mabomba ya breki, viungo vya usukani, bolti za magurudumu, na beringi za magurudumu. Kiungo cha usukani kilichochomewa kwa umeme huonekana kizima, lakini moto wa kuchomea umekigeuza chuma, nacho hukatika ghafla bila kutoa onyo. Kwa vitu hivi, kama spea haijapatikana, motokaa na ilale. Ni afadhali watu watembee kwa miguu.

BREKI: JAMBO LA KUFA NA KUPONA

Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Fahamu maana yake. Mpira mmoja mdogo ukipasuka katika gurudumu moja, mafuta yote hutoka hapo, na breki za magurudumu yote manne hupotea kwa pamoja. Hubaki breki ya mkono tu. Ndiyo maana dereva anayeona gurudumu limelowa kwa ndani hana ruhusa ya kusema, "Nitatazama Jumamosi."

Wako watu wanaokosa mafuta ya breki wakatia ya injini, au ya kupikia. Hilo ni jambo la hatari kubwa. Mafuta ya injini huivimbisha mipira ya breki na kuilainisha, na baada ya siku chache breki hushika zenyewe au hazishiki kabisa. Kisha si mpira mmoja tena unaotafutwa, bali yote. Tumia mafuta ya breki peke yake, yenye maandishi DOT 3 au DOT 4 juu ya chupa. Nunua chupa iliyofungwa, na ukiisha kuifungua usiiweke wazi, maana mafuta hayo hunywa maji yaliyo hewani na kuharibika.

Tena neno moja kwa vijana wa gereji. Viatu vya breki vya zamani vilitiwa asbesto. Vumbi lake likivutwa puani laweza kuleta ugonjwa wa mapafu na saratani, nao huonekana baada ya miaka mingi, wakati mtu alikwisha kusahau. Uingereza iliipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, lakini motokaa kuukuu, na akiba za zamani madukani, zaweza kuwa nayo bado. Ukifungua ngoma ya breki usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukifukie mbali na watoto. Na usinunue viatu vya zamani kwa sababu tu vimo katika boksi la asili.

MAHALI PA KUTAFUTA

Anza karibu, kisha nenda mbali. Kwanza uliza wenye motokaa kama yako katika wilaya. Pengine yule wa tarafa ya pili ana difu mbili stoo, nawe una kioo anachokitafuta. Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover mamia kwa mamia zilikusanyika mjini Arusha, za kila umri. Jambo hilo linatuonyesha kwamba wenye motokaa hizi wako wengi, ila hawajuani.

Pili, miji mikubwa. Dar es Salaam ni Gerezani na Kariakoo. Nairobi ni barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee waliiita Grogan. Kampala ni Kisekka. Usiende Jumamosi jioni ukiwa na haraka ya basi. Nenda asubuhi na spea yako kuukuu mfukoni, uulize maduka matatu kabla ya kununua.

Tatu, ng'ambo. Ziko kampuni Uingereza ambazo hata leo huunda na kuuza spea za Land Rover za zamani. Mara nyingine bei ya kule ni ndogo kuliko ya mjini kwetu, lakini usidanganyike na bei ya kwanza. Ongeza nauli ya meli au ya ndege, ongeza ushuru wa forodha, ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ongeza malipo ya wakala. Spea nzito moja yaweza kugharimu nauli kuliko bei yake. Kwa hiyo wenye busara huagiza pamoja. Familia tano zikiungana, kifurushi ni kimoja na nauli ni moja.

Na fedha yenyewe? Usimtumie mtu usiyemjua kwa simu kwa sababu amekuonyesha picha nzuri. Picha haina namba ya nyumba. Mtume ndugu aliye mjini aende dukani, aishike spea, alinganishe namba, alipe, achukue risiti, kisha aipeleke mwenyewe kwenye basi na kuandikisha mzigo. Kama huna ndugu huko, anza kwa kitu kidogo cha bei ndogo. Atakayekuwa mwaminifu katika beringi moja utamjaribu katika giaboksi.

DAFTARI NA SANDUKU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Weka daftari moja la motokaa, na lisitumiwe kwa kitu kingine. Kila spea inapofungwa andika tarehe, namba, vipimo, duka, bei, na kilomita. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno ya mafundi kumi, kwa sababu spea iliyokusumbua mwaka jana utaitafuta tena, na mara hii jibu liko nyumbani. Kazi hii yafaa apewe mtoto mmojawapo mwenye mwandiko mzuri.

Pamoja na daftari weka sanduku. Spea kuukuu usimwachie fundi wala usiitupe. Itie mafuta, uifunge kwa kitambaa, uihifadhi mpaka mpya iwe imefanya kazi mwezi mzima. Na vile vitu vidogo ambavyo hufa mara kwa mara, nunua kabla havijafa: mipira ya breki, feni belti, mpira wa rejeta, plagi, beringi na sili za gurudumu moja. Nunua wakati wa mavuno, fedha inapokuwapo, usingoje masika. Mipira uiweke mbali na jua na petroli.

LINI KUSEMA BASI

Mwisho yafaa tuseme neno gumu. Si kila motokaa kuukuu inastahili kuokolewa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, lakini chesi yake ni chuma, na chuma huoza. Ingia chini na nyundo ndogo, uigonge chesi toka mbele mpaka nyuma. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikilia kama boksi la karatasi, au kutu ikianguka kama makapi, hapo hakuna spea itakayokufaa mpaka chesi itengenezwe au ibadilishwe. Wako watu walionunua injini mpya wakaiweka juu ya chesi iliyooza. Hao walivika kanzu mpya mtu asiye na mifupa.

Kaeni basi kama familia, baba, mama na vijana wakubwa, mfungue daftari, mhesabu. Mwaka huu motokaa ilitugharimu kiasi gani? Ilituletea nini? Ilibeba wagonjwa wangapi, magunia mangapi? Kama hesabu inasema iendelee, iendelee kwa spea za haki. Kama inasema basi, iuzeni kwa vipande mkiwa na namba za kila kipande, wala si kwa kilo. Vipande vyake vitafufua motokaa nyingine katika kijiji kingine, nanyi mtapata fedha iliyo bora kuliko ya mizani.

Kwa wiki hii, ndugu msomaji, fanya jambo moja tu. Kabla ya Jumapili, chukua kitambaa na brashi ya waya, soma namba ya chesi na ya injini, uziandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Kisha tazama ndani ya magurudumu manne, kama hakuna lililolowa.